Habari ya Kisaidizi cha Chanjo

Maneno haya yalisemwa barazani mbele ya machifu, wazee, waalimu na wazazi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, na wale waliokuwapo wakapenda kuyasoma tena nyumbani.

Twawashukuru kwa kuacha kazi zenu za shamba na za nyumbani mkaja kutusikiliza. Neno tulilo nalo leo si geni, kwa maana habari ya kuchanjwa yajulikana na kila mtu. Lakini ndani ya neno hilo mna jambo ambalo wengi hawajaelezwa, na kwa kutokuelezwa huingiwa na shaka.

Jambo lenyewe ni hili. Mama humpeleka mtoto zahanati, naye ni mzima, acheka na kunyonya vizuri. Huchomwa sindano ya paja. Jioni mtoto ana joto, paja limevimba, na usiku kucha halali. Mama hujiuliza moyoni, Je, hii ni kinga au ni maradhi? Jirani yake humwambia, "Usimrudishe tena." Na kweli harudi. Hivyo mtoto hukosa sindano ya pili na ya tatu, na kinga yake hubaki nusu, kama nyumba iliyoezekwa upande mmoja. Mvua ikija haitazami ni upande gani ulioezekwa.

Basi leo twataka kueleza kwa nini paja huvimba, ni kitu gani kilichotiwa katika dawa ile, kilivumbuliwaje, kimepata kuleta madhara gani, na wataalamu wamefanya kazi gani ili kukifanya kiwe salama zaidi. Hatutaficha neno. Mtu aliyeambiwa kweli yote, hata ile isiyopendeza, ndiye awezaye kuchagua vema kwa ajili ya mtoto wake.

CHANJO NI NINI

Wahenga wetu walijua ya kuwa mtu aliyepona ndui haugui ndui tena. Sababu ni kwamba mwili una askari wake, nao ni chembe nyeupe zilizomo katika damu. Askari hao wakiisha kupigana na adui mmoja humkumbuka uso wake, na akirudi mara ya pili humkamata mlangoni. Chanjo ni ufundi wa kuwaonyesha askari sura ya adui pasipo kuwatia katika vita yenyewe. Mwaka 1796 mganga wa Uingereza, jina lake Edward Jenner, alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, nayo ikamkinga na ndui ya watu. Kazi iliyoanza hivyo ilimalizika mwaka 1980, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza ya kuwa ndui imekwisha duniani kote.

Chanjo nyingine, kama ile ya surua, zina kijidudu kilicho hai ingawa kimepunguzwa nguvu. Hizo huwaamsha askari zenyewe. Lakini si kila ugonjwa uwezao kukingwa kwa njia hiyo. Mara nyingi ni hatari kutia kijidudu kizima, basi wataalamu huchukua kipande chake tu, au sumu yake iliyokwisha kuvunjwa ukali. Kipande cha namna hiyo ni salama sana, lakini usalama wake ndio udhaifu wake. Askari hukitazama, huona ni kitu kidogo kisicho na madhara, wakakiacha kipite. Mgeni apitaye njiani kimya, bila kubisha hodi, ni nani atakayemkumbuka kesho?

Ndiyo sababu pakatakiwa kitu kingine cha kuwaamsha askari. Wataalamu hukiita adjuvanti, neno litokalo katika Kilatini, na maana yake ni kusaidia. Sisi hapa tutakiita kisaidizi. Chenyewe peke yake hakikingi ugonjwa wo wote. Kazi yake ni kukipa nguvu kile kipande cha adui ili askari wakikumbuke. Wazee husema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukuni mmoja hufuka moshi tu. Ukitiwa wa pili, moto huwaka.

FARASI WA GARCHES NA WANGA WA MUHOGO

Zamani ugonjwa wa dondakoo uliua watoto wengi sana Ulaya. Koo huziba kwa utando, na mtoto hufa kwa kukosa pumzi. Waganga walivumbua ya kuwa farasi akichomwa sumu ya ugonjwa ule kidogo kidogo, damu yake hufanya dawa ya kuvunja sumu hiyo, na maji ya damu ile huweza kumponya mtoto. Kwa hiyo yakajengwa mazizi makubwa ya farasi kwa kazi hiyo tu. Mojawapo lilikuwa Garches, karibu na Paris, mali ya Taasisi ya Pasteur.

Hapo alifanya kazi mganga wa wanyama, Gaston Ramon. Mwaka 1923 alionyesha jinsi ya kuvunja ukali wa sumu ya dondakoo kwa dawa iitwayo formalini pamoja na joto, hata ikafaa kuchanjia watu. Tena aliona jambo jingine. Miongoni mwa farasi wake walikuwamo waliopata uvimbe na jipu mahali walipochomwa, na hao ndio waliotoa dawa yenye nguvu kuliko wenzao. Mtu mwingine angalisema, "Hii ni bahati mbaya ya sindano," akayaacha. Yeye akajiuliza, Je, uvimbe huu ndio unaosaidia? Akaanza kuchanganya dawa na vitu vya kuleta uvimbe mdogo: makombo ya mkate, na tapioka, ambayo kama mjuavyo ni wanga wa muhogo. Mwaka 1925 akatangaza ya kuwa farasi waliochomwa mchanganyiko ule walitoa dawa nyingi zaidi.

Tazameni basi. Muhogo ule ule tulao ulikuwa miongoni mwa visaidizi vya kwanza vilivyojaribiwa. Na tangu siku hiyo ikajulikana ya kuwa uvimbe mdogo mahali pa sindano si lazima uwe ubaya. Huweza kuwa alama ya askari wanaokusanyika.

SHABU

Mwaka uliofuata, 1926, huko Uingereza, Alexander Glenny na wenzake walifanya jambo ambalo watu wa pwani hawatalistaajabia sana. Mwajua ya kuwa maji machafu yakitiwa shabu, taka hugandamana na kushuka chini. Glenny alitia shabu katika sumu ya dondakoo iliyokwisha kuvunjwa ukali, ikagandamana vivyo hivyo. Alipowachoma simbilisi, wale wanyama wadogo mfano wa panya wasio na mkia, akaona kinga yao imekuwa kubwa kuliko ya wale waliochomwa dawa tupu.

Tangu miaka ya 1930 chumvi za alumini, ambazo ni ndugu wa shabu, zimetiwa katika chanjo za watu. Zimo katika chanjo ya dondakoo, ya pepopunda, ya kifaduro, na ya homa ya ini aina ya B, yaani zile sindano za paja ambazo watoto wetu huchomwa katika miezi yao ya kwanza. Kwa miaka mingi sana hapakuwa na kisaidizi kingine kilichokubaliwa kwa watu ila hicho. Kiasi chake kwa kawaida hakifiki hata miligramu 1 ya alumini katika sindano moja.

Wako wanaouliza, "Je, madini haya hayadhuru watoto baadaye?" Ni swali la haki, nalo limechunguzwa. Mwaka 2025 wataalamu wa Denmark walitangaza uchunguzi wa watoto zaidi ya 1,200,000, wakilinganisha kiasi cha alumini ambacho kila mtoto alipata katika chanjo zake na magonjwa 50 ya kudumu, kama pumu na yale ya akili na makuzi. Hawakuona ya kuwa waliopata alumini nyingi waliugua zaidi kuliko waliopata kidogo.

MBIU YA MGAMBO

Lakini visaidizi hufanyaje kazi? Kwa muda mrefu waganga walivitumia pasipo kujua vema. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Charles Janeway, alisema waziwazi ya kuwa jambo hili lilikuwa kama siri ambayo wenziwe waliona haya kuitaja: kwamba chanjo nyingi hazifanyi kazi mpaka zitiwe kitu fulani, nao hawajui kwa nini. Akatoa wazo lake. Alisema ya kuwa mwilini mna walinzi wa mbele, ambao hawamjui adui mmoja mmoja kwa jina, ila wajua alama za jumla za vijidudu. Walinzi hao wakiisha kuona alama ya hatari hupiga mbiu, na hapo tu askari wenye kumbukumbu huamka.

Baadaye ikaonekana ya kuwa alisema kweli. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake wa Ufaransa waliigundua namna ya ulinzi huo katika nzi wa matunda, na mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake wa Marekani wakaigundua katika panya. Hao wawili, pamoja na Ralph Steinman aliyevumbua chembe zipelekazo habari za adui kwa askari, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Ninyi machifu mwajua msemo huu: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kisaidizi ndicho mbiu. Joto la mtoto na uvimbe wa paja ni sauti ya mbiu hiyo. Na kwa maarifa haya wataalamu hawakulazimika tena kubahatisha kwa makombo ya mkate. Waliweza kutafuta mbiu ya sauti itakiwayo, isiyo ndogo hata watu wasisikie, wala kubwa hata kijiji kizima kikimbie ovyo.

DAWA ZILIZOPITA KIASI

Maana kisaidizi chaweza kupita kiasi. Mtaalamu Jules Freund, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alitengeneza katika miaka ya 1930 na 1940 kisaidizi cha mafuta ya madini kilichochanganywa na vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vilivyouawa. Nguvu yake ilikuwa ya ajabu. Lakini wanyama waliochomwa walipata majipu na vidonda vibaya. Kwa hiyo hakikukubaliwa katika chanjo za watu, kikabaki chumba cha majaribio. Hapo likaonekana tatizo lote la kazi hii: nguvu na madhara hutembea njia moja, na kazi ya mtaalamu ni kuvitenga.

Twaahidi kutoficha neno, basi tuseme na haya mawili.

La kwanza lilitokea Uswisi. Mwaka 2000 ilianza kutumika huko chanjo ya mafua makali isiyochomwa sindano, bali ikatiwa puani. Kisaidizi chake kilitokana na sumu ya kijidudu cha tumboni. Watu waliipenda kwa sababu haina maumivu. Lakini waganga wakaona watu waliopooza upande mmoja wa uso wameongezeka. Walipopima wakakisia ya kuwa hatari hiyo kwa waliotiwa dawa ile ilikuwa kubwa mara 19 kuliko kwa wengine. Dawa ikaondolewa, na sumu ile haikutumiwa tena puani kwa namna hiyo.

La pili ni la mwaka 2009, mafua mapya yalipoenea duniani. Chanjo moja iliyotumiwa Ulaya, jina lake Pandemrix, ilikuwa na kisaidizi cha mafuta ya skwaleni, mafuta yapatikanayo katika ini la papa, na ambayo hata mwili wa mtu hujitengenezea. Mwaka 2010 waganga wa Finland na Sweden waliona vijana waliochanjwa wakipatwa na ugonjwa wa kusinzia ghafula mchana, usiopona. Ni wachache sana kwa hesabu ya waliochanjwa, lakini kwa wazazi wao si wachache. Mwaka 2011 wakuu wa dawa wa Ulaya wakaagiza isitumiwe kwa walio chini ya miaka 20 ila pasipokuwa na nyingine. Wataalamu wengi hudhani ya kuwa sababu haikuwa mafuta peke yake, bali pia ule mfano wa virusi uliokuwamo. Kisaidizi kingine cha skwaleni, kiitwacho MF59, kilianza kutumiwa Italia mwaka 1997 katika chanjo ya mafua ya wazee, na ugonjwa ule haukuonekana kuletwa nacho.

Kwa nini tumeyasimulia haya? Kwa sababu yapo mafunzo mawili. Dawa iliyojaribiwa kwa watu elfu chache haiwezi kuonyesha dhara limpatalo mtu mmoja katika maelfu mengi. Hivyo ni lazima macho yaendelee kutazama hata baada ya dawa kuruhusiwa. Tena, madhara hayo yalijulikana kwa sababu waganga wa wilaya waliandika kila walichokiona na kukipeleka mbele. Mwenda pole hajikwai, lakini hata mwenda pole sharti atazame chini.

SUMU ILIYOFUGWA NA GOME LA MTI

Sasa tuone jinsi sumu ilivyofugwa. Vijidudu vingi vina ngozi ya namna ya mafuta ambayo walinzi wa mwili huichukia sana. Hata chembe kidogo yake ikiingia damuni huleta homa kali, na pengine kifo. Ndiyo mbiu kubwa kupita zote. Mtaalamu Edgar Ribi na wenzake, huko Montana katika Marekani, waliichukua ngozi hiyo wakaondoa baadhi ya viungo vyake, mpaka wakabakiza kipande kiitwacho MPL. Ukali wake ulipungua mno, walakini walinzi waliendelea kuitambua alama yake. Mwaka 2007 Ulaya ilikubali chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi yenye MPL pamoja na chumvi ya alumini.

Kitu cha pili chatoka katika mti. Huko Chile, Amerika ya Kusini, uko mti uitwao kilaya, ambao gome lake hutoa povu majini, na wenyeji wa huko walilitumia kama sabuni tangu kale. Kitoacho povu huitwa saponini. Waganga wa mifugo waliitia katika chanjo za ng'ombe za ugonjwa wa miguu na midomo, ikafaa. Lakini kwa watu ilikuwa na ubaya, kwa kuwa saponini hupasua chembe nyekundu za damu kama sabuni iondoavyo mafuta nguoni.

Wataalamu wakafanya mambo mawili. Kwanza, waliichuja ile saponini wakatenga sehemu zake nyingi, wakachagua moja iliyo na nguvu nyingi na ukali mdogo, wakaiita QS-21. Pili, walijua ya kuwa saponini hutoboa chembe kwa kushikamana na mafuta yaitwayo kolesteroli yaliyomo katika ukuta wake. Basi wakaitia ndani ya viputo vidogo mno vya mafuta vyenye kolesteroli. Saponini ikashikamana na kolesteroli ya viputo, ikaziacha chembe za damu. Ni kama mbwa mkali aliyetupiwa mfupa mlangoni: atashughulika na mfupa, na mgeni atapita salama. QS-21 na MPL vikiwamo pamoja katika viputo hivyo, kisaidizi huitwa AS01.

Iko shida moja bado, kwamba gome hilo hutoka katika miti ya nchi moja, na miti haikui kwa haraka ya haja za watu. Kwa ajili hiyo wataalamu wametafuta njia nyingine, na mwaka 2024 ilitangazwa ya kuwa wameweza kuifanya hamira itengeneze QS-21 katika vyombo vyao, ingawa kwa kiasi kidogo sana.

CHANJO YA MALARIA

Yote haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, kwa kuwa pasipo kisaidizi hicho hapangalikuwapo na chanjo ya malaria.

Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997, watu wazima wa Marekani walijitolea kuchanjwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kisha wakaumwa kwa makusudi na mbu wenye malaria, huku waganga wakiwangoja na dawa mkononi. Kipande cha kijidudu cha malaria kilikuwa kimoja kwa wote. Kilichotofautiana ni kisaidizi tu. Waliopata chumvi ya alumini na MPL walikuwa 8, na katika hao 7 waliugua. Waliopata mafuta yaliyochanganywa na maji walikuwa 7, wakaugua 5. Waliopata mafuta hayo pamoja na MPL na QS-21 walikuwa 7, akaugua 1 tu. Wale 6 ambao hawakuchanjwa kabisa waliugua wote. Waalimu, liandikeni jambo hili ubaoni kwa wanafunzi wenu, maana ni hesabu fupi yenye maana kubwa.

Baadaye mafuta yakaachwa, vikatiwa viputo vya AS01. Kuanzia mwaka 2009 hata 2014 chanjo hiyo ikajaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania. Kilifi, Siaya, Bagamoyo na Korogwe ni miongoni mwa mahali hapo. Wako waulizao kwa nini ijaribiwe kwa watoto wa Afrika. Jibu ni kwamba ilianza kwa watu wazima wa Ubelgiji na Marekani, ikaja huku baadaye kwa sababu ugonjwa uko huku, na kinga ya malaria haiwezi kupimwa mahali pasipo malaria.

Faida yake ilionekana, ingawa si ya kutimia. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hata 17, wakapata sindano zote 4, walipungukiwa na malaria kwa sehemu 36 katika 100 muda wa miaka minne. Lakini pia watafiti waliona ya kuwa ugonjwa wa uti wa mgongo uliwapata waliochanjwa wengi kidogo kuliko wenzao, na hawakujua kama ni chanjo au ni bahati. Hawakulifunika jambo hilo. Mwaka 2019 chanjo ikaanza kutolewa kwa uangalizi katika sehemu za Malawi, Ghana na Kenya, na wachunguzi wakaambiwa walitazame neno hilo hasa. Walipotazama hawakuona ongezeko lile. Ndipo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaishauri kwa watoto. Na katika sehemu zile tatu vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vya kila sababu, vilionekana kupungua kwa sehemu 13 katika 100. Mwenye kuzika mtoto wake ajua uzito wa hesabu hiyo.

Mwaka 2023 ikashauriwa chanjo ya pili, iitwayo R21. Nayo ilijaribiwa katika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na kisaidizi chake, Matrix-M, chatoka pia katika gome la mti ule wa Chile.

MAMBO YA KUSHIKA

Sasa tumalize kwa mambo ya kushika, kila mtu na kazi yake.

Kwa mama na baba. Joto dogo na uvimbe mahali pa sindano ni mbiu inayolia, na kwa kawaida hunyamaza baada ya siku moja au mbili. Mnyonyesheni mtoto mara kwa mara, mvikeni nguo nyepesi, mpeni dawa ya homa kwa kadiri mliyoambiwa na mwuguzi. Msipake mavi ya ng'ombe wala majani mahali pa sindano, maana ndiko kuingiza vijidudu. Lakini joto likipita siku mbili, au mtoto akipata degedege, jambo ambalo huwapata watoto wachache baada ya chanjo ya malaria, au akikataa kunyonya, mpelekeni zahanati upesi. Msiseme, "Ni sindano tu," kwa kuwa huenda ikawa malaria yenyewe. Wala aliyechanjwa asiache kulala ndani ya chandarua.

Kwa wauguzi na wachukuzi wa dawa. Chanjo zenye kisaidizi cha alumini huharibika zikigandishwa. Chembe zake hugandamana, na hata barafu ikiyeyuka hazirudi kama zilivyokuwa. Zikae katika baridi ya digrii 2 hata 8, wala zisigusane na barafu tupu. Mkishuku kichupa, kitikiseni pamoja na kingine cha namna hiyo hiyo mlichokigandisha kwa makusudi, kisha viacheni vitulie. Kinachotuama upesi sawa na kile kilichogandishwa kimekufa, kitupeni. Na chanjo ya RTS,S huja kwa vichupa viwili: kimoja cha unga, ndicho kipande cha malaria, cha pili cha maji, ndicho kisaidizi. Mkitumia maji mengine badala yake, mtoto atachomwa bure.

Kwa waalimu. Wanafunzi wenu ndio wapelekao habari nyumbani. Wafundisheni habari ya farasi wa Garches, ya shabu na ya gome la mti, nao watawaeleza wazazi wao vizuri kuliko sisi.

Kwa machifu na wazee. Zikija porojo juu ya chanjo, msizikemee tu, kwa maana porojo iliyokemewa hujificha, haifi. Mwiteni mwuguzi barazani, aulizwe mbele ya watu, ajibu mbele ya watu. Na kukitokea dhara la kweli baada ya sindano, liandikwe na lipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya siku ile ile. Dhara lililoandikwa ndilo lililoondoa dawa mbaya huko Uswisi. Lililonong'onwa njiani huwatia hofu wazazi, na dawa mbaya haliiondoi.

Kazi ya kutafuta visaidizi vilivyo salama zaidi haijakwisha, nayo yahitaji watu. Huenda mmoja wao akatoka katika shule zetu. Lakini kazi ya mwezi huu ni nyepesi kuliko hiyo. Kila mzazi atazame kadi ya mtoto wake, ahesabu sindano zilizobaki, akamalize.

Kama yuko mwenye swali na aulize sasa, nasi tutamjibu kwa kadiri tujuavyo.